Jotham Byabato na Bastola ya Mzee Nabhan

Marehemu Jotham Byabato, ambaye leo tarehe 2 Julai 2025 tunamkabidhi kwa mchanga wa Jebel Ali, hapa Dubai, alizaliwa tarehe 14 Machi 1970 katika kijiji cha Nyaishozi, Karagwe, enzi ambazo mkoa wetu uliitwa Ziwa Magharibi. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya sita wa mzee Byabato, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa, na mama Kokugonza. Kitinda mimba wao ni Daphine, ndiye anayewasomea wasifu huu. Mnaomfahamu Daphine mnajua hawezi kusoma kitu bila kuongeza la kwake. Kamati ya mazishi ilimwambia aandike ukurasa mmoja. Mtamvumilia.

Marehemu alibatizwa katika usharika wa Nyaishozi na kusoma shule ya msingi hapo hapo kijijini kuanzia mwaka 1978 hadi 1984. Alipofaulu kwenda sekondari, shangazi yake alimpeleka gulio la Omurushaka kumnunulia viatu. Jotham alijaribu kila jozi iliyokuwapo. Alivaa, akatembea mpaka kwa wauza ndizi, akarudi, akavua, akashukuru kwa adabu, akahamia kwa muuzaji mwingine. Shangazi alisimama, akakaa, akachoka hata kukaa, mwishowe akamwachia hela akaondoka zake. Kijana alifika nyumbani giza likiingia, viatu vimetundikwa shingoni kwa kamba visichafuke. Alivivaa mpaka anamaliza kidato cha nne mwaka 1988. Shangazi aliapa hatakwenda naye tena sokoni hata kununua chumvi, na kiapo chake alikitimiza.

Mwaka 1990 aliajiriwa na kampuni moja ya uwindaji wa kitalii iliyokuwa na kambi katika mapori ya Biharamulo. Alianza kwa kuosha masufuria, akapanda kuwa mbeba bunduki, kisha akawa mtu wa kuwachagulia wageni silaha. Kazi hiyo ilimfaa kama ilivyomfaa ile ya viatu. Alimtazama mgeni anavyoshika kikombe, anavyopanda gari, anavyojikuna bega, ndipo akamwambia achukue ipi. Wageni wengi walitaka kubwa. Jotham aliwapa wanayoiweza, na wengi walinuna kwa siku moja tu.

Mwaka 1996, siku ambayo yeye alikuwa na homa, karani wa kambi alimchagulia mgeni mmoja bunduki nzito kupita kiasi, kisha karani akabaki kambini kunywa chai. Mgeni aliiogopa ile bunduki. Alifumba macho wakati wa kufyatua, nyati akajeruhiwa, na mfuata nyayo wa kambi akavunjwa nyonga. Jotham aliinuka na homa yake, akawa miongoni mwa waliombeba mtu yule hadi barabarani. Mkuu wa kambi, Mgiriki aliyezaliwa Moshi, mtu wa hasira za karibu, aliwakusanya wote akasema: "Kuanzia leo, anayemchagulia mgeni silaha ndiye atakayesimama naye risasi ya kwanza. Hakuna kubaki." Wenzake waliichukulia kuwa amri ya hasira, nayo ikapoa pamoja na hasira yenyewe. Jotham aliishika kama watu wanavyoshika kiapo cha madhabahuni. Alikwenda nayo Biharamulo yote, na alipotoka huko alikuja nayo Dubai.

Tarehe 19 Desemba 1998 alifunga ndoa takatifu na Paskazia, mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke mwenye sauti ya chini na msimamo wa chuma. Mungu aliwajalia watoto wawili, Trinah mwaka 2000 na Mugisha mwaka 2004. Wakwe walimpenda Jotham, ila walilalamika kwamba alichukua miaka mitatu kuposa. Paskazia alisema afadhali mtu wa kuchelewa kuchagua kuliko wa kuchagua halafu akageuka kuangalia pembeni. Hapo alikuwa hajajua kuchelewa kwake kutafika wapi.

Sasa aingie mzee Nabhan bin Sulaiti, yule pale aliyekaa kwenye kiti cha plastiki, fimbo magotini. Mzee Nabhan ni mzaliwa wa Unguja, mtaa wa Malindi, aliyeletwa Dubai na wazazi wake akiwa kijana wa ndevu za kwanza, na amekuwa mkazi wa hapa tangu hapo. Alifika kambini mwaka 1999 kuwinda, akakuta Jotham anamsemesha Kiswahili, naye akamjibu kwa Kiunguja kilichowafanya wapishi watoke jikoni kuja kusikiliza. Waliwinda pamoja siku kumi na kubishana siku zote kumi. Kambi ilipofungwa, mzee alimtumia visa. Marehemu aliwasili Dubai tarehe 11 Februari 2003, akaanza kazi katika duka la mzee la zana za uwindaji, Oud Metha. Hakuondoka tena pale hadi siku alipoanguka.

Wateja wa duka lile ni watu wanaokwenda kuwinda nchi za mbali, na kazi ya Jotham ilikuwa ile ile ya kambini: kuwasikiliza, kuwatazama mikono, kuwaambia ipi itawafaa. Aliyetaka kununua kitu kikubwa Jotham alimwuliza swali moja tu kwa upole, "Utaipenda bado ukishaifyatua mara ya pili, sir?" Alasiri, baada ya mzee kurudi kutoka kuswali, waliketi nyuma ya kaunta na kahawa chungu na tende, wakaanza kubishana. Walibishana juu ya mvua, juu ya pilau, juu ya nani aliyemkosa yule pofu, swala mkubwa kama ng'ombe, mwaka 1999. Wahindi wa duka la jirani walizoea kelele ile. Ikikosekana walikuja kuuliza kama kuna mgonjwa.

Kila jioni alimpigia simu Paskazia. Ndoa yao iliishi kwenye simu hizo na kwenye likizo ya mwezi mmoja kwa mwaka. Trinah alijifunza kusoma baba hayupo kwenye picha. Mugisha, aliyezaliwa baba yuko huku, alikuwa akimwita "Baba wa simu," na Jotham alicheka kila alipolisimulia jambo hilo, lakini hakulisimulia mara nyingi. Paskazia alikaa Nyaishozi kwa sababu ya shule yake na kwa sababu ya mama Kokugonza, ambaye alimuuguza mpaka tulipomzika. Alivumilia. Msomaji huyu amewahi kumwuliza wifi yake anavumiliaje, akajibiwa kwamba yeye havumilii, anasubiri, na hayo ni mambo mawili.

Mwezi Oktoba mwaka jana kusubiri huko kulipata tarehe. Jotham alimpigia mkewe akamwambia, "Pasaka nakuja, na sirudi tena." Paskazia alipaka rangi chumba. Alitengenezesha kitanda kipya kwa fundi wa Kayanga, kipana, akakisimamia mpaka kimalizike. Aliwaambia walimu wenzake, na walimu wenzake walimtania kwamba mwalimu mzee anaolewa upya. Hilo ndilo lililokuwa likingoja kule upande wa pili, na ndilo tunalopaswa kulikumbuka tunapoendelea.

Siku Jotham alipomuaga mzee Nabhan, mzee alimmiminia kahawa kwanza. Kisha akasema, "Haya, wenda zako, siwezi kukuzuia. Lakini miye nna haja moja. Nataka kuwinda ayala kwa bastola. Hebu nchagulie, kisha wende."

Ayala ni yule mnyama jamii ya kulungu, mwenye pembe za matawi. Kwetu hayupo, lakini mashamba ya Afrika Kusini yanao waliotoka Ulaya, na mzee ana rafiki yake huko mwenye shamba.

"Kwa bastola, mzee?" Jotham alimwuliza. "Na bunduki zote hizi?"

"Bunduki nshachoka nayo. Kwa bunduki wampiga mnyama yuko kule, hata hajui kama wewe upo duniani. Kwa bastola lazima umkaribie hata umsikie akitafuna. Nna miaka sabini na nne. Nataka kumkaribia kitu mara moja kabla sijafa."

Jotham alikubali. Na kwa kuwa alikubali kuchagua, alikubali pia kusimama naye risasi ya kwanza. Hakuna aliyemwomba hilo. Safari ilipangwa mwezi Mei, baada ya Pasaka. Alimpigia mkewe akamwambia Pasaka haitawezekana, ni baada ya Mei. Paskazia alimwuliza kama mzee hana watoto wa kusimama naye. Jotham akasema anao, lakini si wao waliomchagulia.

Ndipo yakaanza mabishano ambayo msomaji huyu, aliyepita dukani mara kwa mara akitoka zamu ya hoteli, ameyasikia mpaka anaweza kuyaota. Jotham alisema mara moja, wiki ile ile ya kwanza: kaliba ya .44, mtutu wa inchi saba na nusu. Mzee akasema anataka .357, nyepesi mkononi. Jotham akamwambia .357 inamwangusha ayala, ndiyo, ila kwa karibu sana, kwa risasi iliyochaguliwa vizuri, na kwa mkono usiokosea hata kidogo. "Mkono wako unakosea, mzee. Kidogo, lakini unakosea. Nakupa kitu kitakachokusamehe."

Wiki iliyofuata mzee aligeuka, akataka kubwa kuliko ya .44, ile ambayo vijana wa mjini huja kuiuliza ili wapige nayo picha. Jotham akamkumbusha kifundo chake cha mkono kilichopasuliwa. "Hiyo itakupiga teke la punda. Ya kwanza utavumilia. Ya pili utaanza kuikwepa kabla hujafyatua, na mtu anayeikwepa bastola yake anampiga mnyama tumboni. Halafu tutamfuata siku nzima akitoka damu. Mimi sitaki kumwona mnyama hivyo, na wewe hutaki."

Baada ya kaliba ukaja mtutu. Mzee alitaka inchi nne, bastola nzuri ya kuvaa kiunoni. Jotham akasema mtutu mfupi unaipotezea risasi kasi yake, unairusha bastola juu, na unasogeza alama mbili za kulengea karibu mno, hata kosa dogo la jicho linakuwa kosa kubwa kwa mnyama. Mzee akataka basi inchi kumi. Jotham akacheka. "Hiyo ni bomba la maji, mzee. Utaishika kwa muda gani mkono haujashuka? Ayala hakungoji umalize kutetemeka." Saba na nusu ilikuwa katikati: ndefu ya kutosha kulenga, fupi ya kutosha kubeba. Ailaze juu ya fimbo za kuegemea, na asifyatue kitu kilicho mbali zaidi ya hatua hamsini.

"Wewe Jotham hujui kitu," mzee alisema kila walipofika hapo. "Kesho tutaizungumza."

Kesho yake walirudi kwenye .357.

Januari marehemu alianza kukonda. Alisema ni vidonda vya tumbo. Daphine alimletea uji wa ulezi na maneno makali, na vyote viwili alivipokea kwa adabu. Tarehe 18 Februari madaktari wa zahanati moja walimweleza kwamba ni saratani ya kongosho, na imeshasambaa. Walimshauri, kama ana mtu nyumbani, aende angali na nguvu za kupanda ndege. Haya tumeyajua mwezi uliopita kutoka kwa madaktari wenyewe. Yeye hakumwambia mtu. Hakumwambia mkewe, hakumwambia dada yake anayekaa Al Muraqqabat, umbali wa nauli ya basi, na hakumwambia mzee. Alirudi dukani alasiri ile ile, akaketi nyuma ya kaunta, akabishana juu ya inchi nne.

Tumemkasirikia. Si desturi kusema hivyo mbele ya jeneza, lakini tulio wake tumekasirika, na yeye angekuwa wa kwanza kusema tusidanganye watu kanisani.

Mwezi wa Ramadhani alasiri zilikosa kahawa lakini hazikukosa maneno. Baada ya Idi, Jotham alimpeleka mzee kwenye uwanja wa shabaha nje ya mji, wamalize. Daphine alikwenda nao kwa sababu ilikuwa siku yake ya mapumziko, na kwa sababu alitaka kuiona kwa macho yake hii bastola inayomzuia kaka yake kwenda nyumbani. Jotham aliomba kiti. Hakuwahi kuomba kiti uwanjani kabla ya hapo. Alikaa pembeni, koti limemlegea mabegani, akamwelekeza mzee kutoka hapo kitini.

Mzee alijaribu .357 yenye mtutu mfupi, na karatasi ikatobolewa kila mahali isipokuwa katikati. Alijaribu .44 ya inchi nne, akaapiza kwa Kiarabu na kupuliza kiganja. Kisha akashika .44 ya inchi saba na nusu, akailaza kwenye fimbo kama alivyofundishwa, akavuta pumzi. Matundu yakakaa pamoja, mkono mmoja ungeyafunika yote.

"Khalas," Daphine alisema. "Hiyo hapo. Tuende."

Mzee aliitazama ile karatasi kwa muda. Akairudisha bastola mezani. "Bado sijaridhika na huo mtutu," alisema. "Tutaizungumza kesho."

Daphine alimgeukia kaka yake, akitegemea atamwambia mzee ukweli wake. Jotham alikuwa akimwangalia mzee kwa namna ambayo siku ile haikueleweka, kama mtu anayemwangalia mtoto anayejificha nyuma ya pazia miguu ikionekana. "Sawa, mzee," akasema. "Kesho."

Safari ya Mei ikasogezwa Juni. Ya Juni ikasogezwa Julai. Kila mara Paskazia alipigiwa simu, na kila mara alisema sawa.

Tarehe 9 Juni marehemu alianguka dukani, nyuma ya kaunta, mzee akiwa ameketi mbele yake. Mzee ndiye aliyemshika kichwa mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Hospitali ndiko tulikojua yote kwa pamoja, Daphine na mzee wamesimama kwenye korido moja, daktari akieleza kwa Kiingereza cha haraka jambo ambalo mgonjwa alikuwa nalo mkononi tangu Februari. Hakuweza tena kusafirishwa. Mzee Nabhan alimtafutia Paskazia visa, akafika tarehe 16 Juni. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona Dubai, na aliiona kupitia kioo cha hospitali.

Walikuwa pamoja siku kumi na moja. Alimnyoa. Alimsimulia rangi ya chumba. Jotham aliomba asamehewe, na Paskazia alimwambia kwamba habari hiyo wataizungumza akipona, na wote wawili walijua. Aliomba azikwe hapa. Miaka yote alikuwa akipokea shehena za duka kwenye ghala la mizigo la uwanja wa ndege, na huko huko ndiko yanakopita masanduku ya wanaorudishwa kwao, yamebandikwa karatasi kama friji. "Nilitaka kurudi nikitembea," alimwambia mkewe. "Kama si hivyo, basi nibaki." Alifariki dunia Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Paskazia.

Wasifu ungeishia hapo. Ila Jumapili alasiri, tukiwa msibani kwa Daphine, Al Muraqqabat, mzee Nabhan alikuja peke yake. Alipanda ngazi kwa sababu lifti ilikuwa mbovu. Alikataa maji, akakaa mbele ya Paskazia aliyekuwa chini kwenye mkeka, na akasema bila kutanguliza kitu.

"Mama Trinah, miye nshaichagua bastola ile tokea mwezi wa kumi na moja. Arobaini na nne, inchi saba na nusu. Ile ile alonambia yeye wiki ya kwanza. Nliagiza, imekaa kabatini. Nlijua nkisema nimeridhika, tutakwenda huko Afrika Kusini, tutarudi, naye atakwenda zake kwenu, na miye ntabaki na kahawa yangu. Basi nkawa nasema kesho. Wallahi sikujua kama anaumwa. Nngelijua, nngelimpeleka mwenyewe mpaka mlangoni kwako. Safari nimeivunja. Nimekuja unambie unachotaka kunambia."

Daphine aliinuka. Aliyoyasema Daphine kwa mzee wa miaka sabini na minne, nyumbani kwake, mbele ya wageni, hayatachapishwa. Kwa ufupi alimwambia kuna kitanda Nyaishozi kimekaa kitupu tangu Pasaka, na kwamba yeye mzee ndiye aliyelala juu yake.

"Kaa, wifi," Paskazia alisema.

Daphine alikaa. Watu wote waliowahi kufundishwa na Paskazia hukaa anaposema hivyo, na hata ambao hakuwafundisha.

"Mzee," Paskazia akaendelea, kwa ile sauti yake ya chini, "Jotham alijua."

Mzee Nabhan aliinua kichwa.

"Aliniambia mwezi wa Ramadhani. Alisema, mzee amekwisha kuchagua siku nyingi, anatafuta mtu wa kubishana naye tu. Alisema, nikimwambia nimemgundua nitamvunjia heshima. Akaniuliza, nifanyeje? Nikamwambia maliza naye, ukimaliza uje. Nilidhani nina muda. Na wewe ulidhani una muda. Yeye peke yake ndiye aliyejua kwamba hakuna, na akatuficha wote, mimi na wewe."

Mzee alikuwa akilia kama wanavyolia wazee, bila kujifuta.

"Sikukasirikii," Paskazia alisema. "Nakuonea wivu. Nakuonea wivu mpaka kifua kinauma. Alikuwa na alasiri zilizobaki, chache, na alijua ni chache, na akakupa wewe. Mimi nilipewa simu."

"Nfanye nini, mama?" mzee aliuliza.

"Nisimulie. Alasiri moja moja. Alichosema, alivyocheka, alichokula. Usiruke."

Tangu siku ile mzee Nabhan amekuwa akija kila baada ya kuswali alasiri, anapanda ngazi zile, anakaa, na anamsimulia. Jana walifika mwezi Desemba. Paskazia humkatiza na kumwuliza, hapo alijibu nini, hapo alikaa upande gani. Ni mwanamke aliyekaa miaka mingi bila mume, sasa anaipokea miezi yake ya mwisho kutoka kwa mtu aliyeichukua. Daphine huwapikia kahawa. Huiweka mbele ya mzee bila kumtazama, na katika kusamehe hapo ndipo alipofika mpaka sasa.

Alipokuwa akiandika mstari wa mwisho wa wasifu huu, Daphine alimsomea wifi yake majina ya walioachwa. Paskazia alisikiliza mpaka mwisho, akasema bado mtu mmoja. Daphine akamwambia yule si ndugu. Paskazia akasema, "Muandike. Baada ya watoto, kabla yako." Daphine ameandika kama alivyoagizwa.

Marehemu Jotham Byabato ameacha mjane, Paskazia. Watoto wawili, Trinah na Mugisha, wanaotusikiliza kwa simu kutoka Nyaishozi. Mzee Nabhan bin Sulaiti. Na ndugu zake, hadi kitinda mimba, Daphine.

Bwana amlaze mahali penye utulivu, na sisi tuliobaki atupe subira ya kukaa pamoja.